Jua la Uchanja wa Bi Sijaona

Bi Sijaona alijitapa kwamba Nyamisati nzima hakuna mjuzi wa umeme kumpita yeye. Hapohapo akakiri kuwa ujuzi wenyewe ni kujua swichi iko upande gani wa mlango, na mlango wenyewe ni wa jirani.

Basi Ofisi ya Mwanga Endelevu ilipofika uani kwake, penye uchanja wake wa kuanikia uduvi, na kipaza sauti, alisikiliza kitaalamu.

"Kuanzia leo," alitangaza Mratibu Mudathiri, koti limemkaa zito kwenye joto lile, "jua la uchanja huu ni rasilimali ya kimkakati. Tunatandaza utando laini uliotengenezwa kwa rangi ya magome ya mikoko. Unafua umeme, hauna sumu, na ukichoka unaoza kistaarabu."

"Na uduvi wangu, baba, niuanike wapi?"

"Suala la uduvi litaundiwa kamati ndogo. Leo Mkurugenzi akiridhika, tunachukua chanja zote."

Uduvi mbichi hauijui kamati. Ukikosa jua hadi alasiri unanuka, na huo ndio uliokuwa riziki yake.

Bi Sijaona akaupapasa utando uliokwisha kutandazwa juu ya uchanja. Rangi ya damu ya mzee, unakunjika, unanukia magome. Tangu usichana kachovya ukindu kwenye rangi hiyohiyo. Kitu cha namna hiyo kwao ni mkeka, na mkeka hutandikwa uwekewe kitu. Mratibu alipokwenda kumpokea mgeni, akamwaga uduvi wote juu yake, akausambaza mpaka utando haukuonekana tena.

Mkurugenzi, mama mwenye miwani, akaletwa. Mratibu akainua taa ya maonyesho, uchanja ameupa mgongo. "Jua linaingia kule, mwanga unatokea hapa."

Taa ilikuwa inawaka kweli. Wanawake wakapiga kigelegele cha adabu.

"Utando wenyewe uko wapi?" aliuliza Mkurugenzi.

"Chini ya uduvi, mwanangu," alisema Bi Sijaona. "Haupati jua hata la kuazima."

Mratibu akageuka. Taa ikaendelea kuwaka, haina habari.

"Huu ni utando wa kizazi kipya," alisema. "Hunasa mwanga wa uduvi."

"Na waya huu wa taa unaoingia mfukoni mwako?"

"Wa matibabu, mheshimiwa. Nina kifua."

Bi Sijaona akauvuta polepole, kama anayemtoa mtoto mwiba. Kikachomoka kibetri kizito, taa ikazimika.

Akakigeuzageuza mkononi.

"Pole, baba," akamwambia. "Kifua hiki ni cha pikipiki gani?"