Sheria ya Wazaliwa wa Pili

Jumatatu, tarehe 19 Agosti

Siku kubwa! Mama Kyakimwa ametuita mimi na Gamaliel ofisini kwake, akafunga mlango. Yeye ndiye mwenye depo yetu ya dawa hapa Butembo, na akifunga mlango mtu hupandishwa au hufukuzwa. Leo ni kupandishwa. Anafungua depo ya pili, Beni. Anatafuta gérant, mtu wa kuiendesha. Na nyuma ya depo ya Beni kuna nyumba: vyumba vitatu, bati jipya, jiko la peke yake.

Nyumba! Tangu harusi, mimi na mke wangu Élise tunakaa katika parcelle, kiwanja cha baba yake. Mwanaume kukaa kwa wakwe! Kila asubuhi mzee anakaa mbele ya mlango wetu na kikombe chake cha chai, anauliza kama mukwe wake amelala vizuri katika nyumba ya batu bengine. Anauliza kwa heshima kabisa. Ndiyo inayoumiza.

Mama amesema amechoka kununua dawa kwa kubahatisha. Kila mwaka dawa ya minyoo inaisha pale pale wazazi wanapoitafuta kabla ya shule kufunguliwa. Halafu analeta nyingi, zinapita tarehe juu ya rafu. Basi mtihani: kila mmoja wetu aandike prévision yake, makadirio ya mauzo. Katoni ngapi za dawa ya minyoo zitatoka kuanzia kesho hadi Jumamosi? Atakayekaribia zaidi atapewa Beni.

Gamaliel ndiye muuzaji wetu wa mbele; mimi natunza stock nyuma. Simu mbili, viatu vyenye ncha. Ameangalia dari, akasema ishirini.

Dari! Mimi nimeomba muda mpaka jioni. Mimi si mtu wa dari. Mimi ni mtu wa Excel.

Jioni, siku hiyo hiyo

Nimegundua kitu.

Nimeingiza facture, risiti za mauzo za miaka miwili, katika jedwali. Nikapanga kwa mwezi: hakuna kitu. Nikapanga kwa mtaa: hakuna kitu. Ndipo nikakumbuka bahati tuliyopewa sisi Wanande na ambayo wataalamu wa Ulaya hawana. Kwetu jina linasema mtu amezaliwa wa ngapi! Paluku ni mtoto wa kiume wa kwanza. Kambale ni wa pili. Kasereka ni wa tatu. Nikaongeza safu: NAFASI YA KUZALIWA. Nikabonyeza.

Nguzo moja ya grafu imepanda mpaka juu ya kioo: Kambale! Karibu nusu ya dawa zetu zinanunuliwa na wazaliwa wa pili. Paluku, kitu kidogo sana, kama nyasi miguuni pa mkaratusi.

Na inaeleweka! Wa kwanza anaachiwa kilima na ng'ombe, anakaa. Wa pili lazima atembeze miguu, afungue duka. Mimi mwenyewe ni Kambale Muyisa, lakini hiyo haihusiki. Hesabu haina ndugu. Nimeiita Sheria ya Wazaliwa wa Pili.

Prévision yangu: katoni sitini. Gamaliel amecheka hadi akakohoa. Joyeuse, anayepokea pesa kwenye caisse, amesema lakini Kambale ni bengi tu katika muji, kama mawe ya barabara. Nimemsamehe. Hakusoma hesabu.

Jumanne, tarehe 20 Agosti

Katoni mbili. Zote kwa mtu aitwaye Kasereka. Mvua imenyesha. Mvua haikuwa katika jedwali.

Mama amekwenda Kasindi kutoa mzigo wake kwenye forodha. Atarudi Jumamosi. Ametuachia depo, akamwambia kila mmoja wetu amuangalie mwenzake.

Jumatano, tarehe 21 Agosti

Katoni nne. Jumla sita. Gamaliel ameniuliza, mbele ya wateja, kama Bakambale bamekufa bote ao bamekwenda kusoma. Mikono yake mfukoni.

Nyumbani baba mkwe amesikia habari za Beni. Sijui kwa nani. Amesema ataniombea, maana anataka kufuga nguruwe katika chumba chetu.

Nimefikiri sana. Prévision ni sahihi. Wanaochelewa ni watu. Mkulima akijua mvua ipo na haifiki shambani, anachimba mfereji. Nitachimba mfereji.

Alhamisi, tarehe 22 Agosti

Mfereji umechimbwa. Nimebandika karatasi mlangoni, herufi kubwa, rangi nyekundu: WIKI YA KAMBALE. KILA MZALIWA WA PILI ANAPUNGUZIWA BEI YA DAWA YA MINYOO. LETENI CARTE D'ÉLECTEUR (KADI YA KUPIGA KURA).

Kufika mchana, mstari! Wenye famasi ndogo kutoka mitaa yote, wengine kutoka Vuhovi na pikipiki. Kambale huyu, Kambale yule. Mmoja amenikumbatia akasema tangu azaliwe hakuna mutu alishamufanyia sikukuu.

Gamaliel amesema Mama akirudi atanichinja. Nimemjibu kwa Maandiko: Yakobo alikuwa wa pili, na ndiye aliyebarikiwa. Amepiga simu tu, kando, kwa sauti ndogo.

Jumla katoni ishirini na saba. Nimempita na dari yake!

Ijumaa, tarehe 23 Agosti

Leo Butembo nzima ni Kambale. Mwanamke mmoja amedai mume wake ni Kambale na wao ni mwili mmoja, kasisi mwenyewe alisema. Nimekubali. Kasereka mmoja ameeleza kwamba kaka yake mkubwa alihamia Kampala, donc nyumbani yeye ndiye wa pili. Nimekubali pia, ni hoja ya hesabu. Paluku wengi wamewatuma wadogo zao, na wenyewe wakasimama ng'ambo ya barabara, wakiangalia kwa jicho baya.

Saa ya joto ameingia mzee mmoja mwenye kofia na fimbo. Amekwenda moja kwa moja mbele. Watu wamempisha. Mimi hapana. Sheria ni sheria. Nimemuomba carte, kwa heshima. Paluku Gérard! Nimemweleza kwa upole kwamba bei yake ni ile ya kawaida, na mwisho wa mstari uko kule karibu na muuza mikate.

Mzee ameniuliza, sauti ya chini kabisa, tangu lini mudogo anakula mbele ya mukubwa. Swali zuri! Nimemgeuzia kioo cha ordinateur yenye Excel yangu, nikamwonyesha nguzo ya Kambale na nyasi za Paluku. Ameangalia muda mrefu. Amesema asante. Ametoka bila kununua kitu.

Nafikiri nimemgusa. Si kila siku mzee wa umri ule anaona grafu.

Jumla: hamsini na moja.

Jumamosi, tarehe 24 Agosti

SITINI!

Naandika tena: sitini. Kufika mchana zilikuwa hamsini na tisa, na mtaa mtupu. Gamaliel alikuwa anatabasamu. Katoni moja tu! Nimesimama mlangoni, nikaangalia kushoto, kulia. Hakuna Kambale. Halafu nikajiuliza: je, mimi ni nani? Nimetoa carte d'électeur yangu, nikampa Joyeuse. Alisoma jina, akaniangalia usoni, akasoma tena. Nimenunua katoni ya sitini. Bei ya kupunguziwa. Haki yangu.

Mama amefika alasiri, vumbi la barabara hadi kwenye nyusi. Nimemkabidhi karatasi mbili: prévision na mauzo. Sitini na sitini. Amehesabu rafu mwenyewe. Amesema ni kweli. Nilikuwa nimesimama kama askari.

Ndipo akaniuliza nani amemfukuza Papa wa Beni.

Nimesema simjui Papa wa Beni. Katika jedwali langu yuko, ni mteja mkubwa, lakini sijawahi kumuona, anaagiza kwa simu kwa Mama. Safu yake ya kuzaliwa nimeiacha tupu, maana "Papa wa Beni" si jina.

Mama amekaa chini polepole. Papa wa Beni ana famasi kutoka Beni hadi Mangina. Tena nyumba ya depo mpya ni yake, na bado hajatoa funguo. Jina lake ni Paluku Gérard. Ana kofia na fimbo.

Halafu ameniamuru nifungue jedwali langu, akaweka kidole juu ya kioo. Muzee wa Rond-point: ni Paluku. Papa Mukubwa: ni Paluku. Baba Pasteri: Paluku. Safu tupu, safu tupu, safu tupu. Ameuliza nani hapa Butembo angeandika jina la mukubwa kavu kavu kwenye facture, kama la mutoto wa shule. Kila caissière tangu depo ianze ameandika kwa heshima. Wakubwa wetu wote wamo ndani ya mashine, mashine haikuwaona.

Nimejibu kwamba hilo ni kosa la uandishi wa caisse, si la Sheria. Na sitini ni sitini.

Amesema ile mashine yangu inajua kuhesabia batu, haijue kuheshimia batu. Kesho tunakwenda Beni kuomba samahani. Nitafute mbuzi. Dume, asiye na kilema.

Angalieni lakini: hakusema kwamba sikushinda!

Jumapili, tarehe 25 Agosti

Misa ya kwanza, halafu barabara. Mama mbele na dereva. Nyuma mimi, mbuzi, na Gamaliel. Sikuelewa kwa nini Gamaliel amekuja, tena na kravati shingoni. Mbuzi amekula kona ya faili langu kabla hatujafika.

Papa Gérard ametupokea barazani kwake, Beni. Ndugu zake wadogo wamekaa nyuma yake, kila mmoja kwa zamu yake ya kuzaliwa. Mama amezungumza vizuri mno. Amesema nyumba isiyo na mukubwa inaanguka. Amesema kijana huyu ana akili nyingi, na akili nyingi bila macho ni kama pikipiki bila taa. Mzee amekubali mbuzi. Kila kitu kilikuwa kinakwenda sawa.

Nikaona ni wakati wa kumalizia kazi. Nimesimama, nikatoa grafu mpya ambayo niliirekebisha jana jioni, ile ambayo mbuzi aliacha sehemu yake kubwa. Nimemtangazia Papa Gérard habari njema: baada ya kusafisha data, Paluku si wavivu tena! Wanaongoza! Yeye peke yake anawapita Kambale wote wa Vuhovi!

Mdogo wake mmoja amefunika mdomo na kofia. Mama ameangalia viatu vyake.

Mzee ameomba niketi. Halafu amesema nyumba ataitoa, kwa sababu ya heshima ya Mama Kyakimwa na ya marehemu mume wake. Mais funguo atazipa tu mkono wa mzaliwa wa kwanza. Ameshachoka na ba Kambale kwa mwaka huu.

Gamaliel ameinuka na kravati yake. Amenyoosha mikono miwili, kama tunavyopokea kitu kwa mkubwa. Amejitambulisha: Paluku Gamaliel.

Paluku! Miaka yote hii! Nami nilimweka katika jedwali la wafanyakazi kama "Gamaliel" tu.

Kurudi ilikuwa safari ndefu. Tulipoona taa za Butembo, Mama aligeuka nyuma. Hapo akaniambia nitoe ile karatasi mlangoni kesho, kabla jua halijatoka, na kwamba bado ananihitaji kwenye stock, kwa sababu hakuna mwingine anayeweza kufungua faili zangu. Nalala na sentensi hiyo. Hakuna mwingine anayeweza!

Jumatatu, tarehe 26 Agosti

Gamaliel amehamia Beni asubuhi. Ameniachia kiti chake na ushauri: nijaribu kuangalia watu mara moja moja. Nimemshukuru. Mtu anayetabiri kwa dari lazima ashike chochote kilicho mbele ya macho.

Leo hakuna mteja hata mmoja wa dawa ya minyoo. Joyeuse anasema wote wamenunua ya kutosha mpaka Krismasi. Mimi nasema Kambale wanapumzika. Wiki moja katoni sitini, mwezi una wiki nne, mstari unapanda. Nimeandaa ombi la kununua katoni mia mbili na arobaini kwa Septemba. Mama bado hajalisaini. Anasoma polepole siku hizi.

Kuhusu Beni: nimechambua kosa kwa utulivu. Sheria ni nzima. Kilichokosekana ni safu ya WENYE NYUMBA. Mwenye nyumba angekuwa Kambale, gérant naye angekuwa Kambale. Ni wazi kama maji ya Lubero! Nimeanza kuorodhesha wenye nyumba wote wenye vyumba vitatu, kutoka hapa hadi Mangina, kwa nafasi ya kuzaliwa. Jedwali limetoa jibu mara moja: mimi na Élise tutahama kati ya tarehe 12 na 14 Oktoba.

Jioni baba mkwe ameniuliza, mbele ya familia nzima, ugali mkononi, kama kuna habari ya kuhama. Nimempa tarehe. Nimemwonyesha na mstari. Élise ameinamia sahani yake, mabega yanatikisika. Nadhani ni furaha.

Mzee amesema vizuri sana, mukwe wangu, basi mpaka Oktoba nimusaidie kuchimba choo kipya. Amenishika bega. Kesho tunaanza.

Amekubali tarehe bila swali la pili! Mtu wa kwanza kuamini prévision yangu papo hapo, naye ni Paluku. Nimeongeza safu: WANAOELEWA. Kwa sasa ana mstari wake peke yake, na unapanda.