Nguzo ya Maji Iliyolala Stoo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ametuma udhuru na kunikabidhi mimi ugeni wake. Mheshimiwa Kaimu Mwenyekiti wa Kamati ya Mipango na Ujenzi, ambaye pia ni mimi. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati Ndogo ya Kamati. Mkuu wa Kitengo cha Vibali, msaidizi wake na msaidizi wa msaidizi wake. Ndugu mtunza stoo. Ndugu mchora ramani. Wazee wangu, mama zangu, wakazi wa huku bondeni mlioacha shughuli zenu tangu asubuhi. Na wewe dada yangu mshonaji, mtoto wa mama yangu, uliyeshika tama hapo mstari wa mbele: itifaki imezingatiwa. (Makofi kutoka kwenye viti vyenye kivuli.)

Nasimama mbele yenu nikiwa mnyenyekevu, jambo ambalo limeandikwa kwenye hotuba hii kwa herufi kubwa ili nisilisahau. Tumekutana kuzindua Ukuta Mkuu wa Kuzuia Mafuriko, mradi mtambuka, jumuishi na endelevu, uliopo nyuma ya kitambaa hiki cha buluu kilichotandazwa kutoka mti ule hadi mti huu, na ambao mimi binafsi niliuwaza, nikauandikia andiko, nikaufanyia upembuzi yakinifu, nikausimamia na, kwa mujibu wa ripoti niliyojiandikia, nikaukamilisha kwa asilimia mia moja na nne. (Makofi. Fundi mwashi mmoja anainuka kuchungulia nyuma ya kitambaa, anaombwa akae.)

Kabla sijavuta kamba, niruhusuni nieleze tulikotoka. Nilipoingia ofisini, watu huku walikuwa wanajiendeleza kiholela: mtu anaamka, anakumbuka maji yalimfika kitandani mwaka jana, anainua kitanda. Hakuna fomu, hakuna muhuri. Tukaandaa warsha tisa, semina elekezi kumi na mbili, na ziara moja ya kutembelea bonde ambayo iliahirishwa kwa sababu bonde lilikuwa limejaa maji, tukatoka na Kanuni za Ujenzi na Uendelezaji wa Maeneo Hatarishi, kurasa mia mbili na kumi, ambazo nina hakika zimesomwa na mchapaji. Kanuni ya nne inasema mtu yeyote asijenge, asiongeze wala asiinue kitu chochote bondeni bila kibali, na kibali hakitatolewa mpaka vipimo vya maji vya misimu mitatu ya mvua vithibitishe kwamba ipo haja. (Kimya.) Hapa kwenye karatasi yangu pameandikwa makofi. (Makofi machache.)

Sasa takwimu, maana mimi ni mtu wa data. Tulisimika ukingoni mwa mto nguzo ya kisasa ya kupimia maji, yenye rangi nyeupe na nyekundu na namba kuanzia sifuri hadi mita nne. Kila siku karani aliisoma na kuandika kwenye daftari. Matokeo yake ni ya kujivunia: kwa misimu mitatu mfululizo ya mvua, kina cha maji ya mafuriko katika bonde hili ni sentimita sifuri. (Minong'ono. Bibi mmoja anamuuliza jirani yake kama amesikia vizuri.)

Nasikia swali kutoka nyuma: mvua ilipokuwa inanyesha, nguzo ilikuwa wapi? Ndugu mtunza stoo, simama wakuone. Huyu ni mtumishi mwadilifu. Kila wingu lilipotanda alikwenda akaing'oa nguzo, akaifuta tope, akaifungia stoo, kwa sababu mimi mwenyewe nilimwandikia barua kwamba hiyo ni mali ya umma na ikisombwa na maji atawajibika yeye. Na karani, ambaye mkataba wake unamtaka aisome nguzo kila siku bila kukosa, hakukosa: aliifuata hukohuko stoo, ilipoegemea ukuta, kavu kabisa. Akasoma sifuri asubuhi, akasoma sifuri jioni, tena kwa mwandiko mzuri. (Vicheko. Mtunza stoo anainamisha kichwa.) Msimcheke yeye. Barua ina saini yangu, na saini yangu mnaijua, ina mkia mrefu kuliko jina.

Kamati ilikaa na daftari hilo siku mbili nzima. Tukajiuliza kitaalamu, kwa nini maji ni sifuri? Bila shaka ni kwa sababu ukuta unayazuia. Na ukuta unaozuia maji ni ukuta uliokamilika. Tukapitisha azimio kwa kauli moja, tukanywa chai, nikaagiza kibao cha uzinduzi chenye jina langu. Wajumbe walinipongeza, nami nikajipongeza kuwazidi wote, maana hiyo ndiyo kazi ninayoiweza.

Naona dada yangu ananyoosha mkono. Ratiba haina kipengele cha maswali, lakini huyu ndiye aliyenishonea kaptula yangu ya kwanza ya shule, kwa hiyo aseme tu.

(Mshonaji anasimama. "Mdogo wangu, mimi niliomba kuinua sakafu ya chumba changu cha cherehani. Matofali matatu kwenda juu, basi. Msimu uliopita maji yalinifika magotini, cherehani mbili zikaliwa na kutu, nikabaki na hiyo moja niliyowahi kuipandisha mezani. Ulinijibu nini?")

Nilimjibu kwa barua ya kiofisi yenye aya mbili. Aya ya kwanza ilisema ombi limekataliwa kwa kuwa bonde ni eneo la mafuriko na hairuhusiwi kuinua chochote. Aya ya pili ilisema, sambamba na hilo, bonde halina mafuriko, hivyo haja ya kuinua haipo. Nikamtakia utekelezaji mwema. (Vicheko. Mshonaji hacheki.)

("Barua yenyewe ukaniletea kwa mkono, ukala kwangu, ukaniambia nivumilie. Mvua ni wiki ijayo. Nina sare za watoto themanini sijazimaliza. Hiyo cherehani moja nayo ikilowa, mimi nitaishi vipi?")

Ndugu wananchi, ukurasa wa sita hadi wa kumi na moja ni mafanikio yangu binafsi. Naomba niziruke kurasa zote hizo. Nimejaribu kuzisoma huku namtazama dada yangu, ulimi umegoma. Naona aibu, na siwezi hata kuificha ndani ya suti, kwa sababu suti hii kaishona yeye.

Basi tuhitimishe kwa kaulimbiu. Nikisema bonde, ninyi mnasema salama. Bonde. (Kimya.) Bonde. (Sauti moja: "Hatuna hakika.") Nashukuru kwa mrejesho. Nikisema kanuni, mnasema kwanza. Kanuni. ("Kwanza sakafu," anasema fundi mwashi. Makofi makubwa, ya kwanza ambayo hayakuandikwa kwenye hotuba.)

Namalizia kwa shukrani. Nawashukuru wajumbe wa kamati kwa kuupitisha ukuta bila kuuona. Namshukuru mchora ramani, aliyeuchora vizuri hata mimi mwenyewe nikawa naamini nimewahi kuuegemea. Namshukuru dada yangu kwa kutuazima kitambaa, ambacho ni cha sare za watoto na anakihitaji leo, kwa hiyo navuta kamba. (Kitambaa kinaanguka. Nyuma yake kuna mto, na mbuzi wawili wanakunywa maji.) Msitafute ukuta, haupo. Haujawahi kuwepo, hata tofali moja halijawahi kuwekwa pale.

Lakini msiseme ofisi yangu haijajenga kitu huku. Imejenga jukwaa hili ninalohutubia. Lilijengwa juzi ili nisichafue viatu, kwa matofali yaliyotengwa kwa ajili ya ukuta, yamepangwa makavu bila saruji, na bila fomu, bila kibali, bila kipimo cha msimu hata mmoja. Fundi, hebu hesabu, ni matofali mangapi kwenda juu? ("Matatu, mkubwa.")

Matatu. Dada, nashuka. Fundi, anza kubomoa upande huu, na nakuomba uende naye mpaka kwake ukalaze sakafu kabla ya mvua. Kibali nimekisaini hapa nyuma ya ukurasa wa mafanikio. Na ile nguzo irudishwe mtoni leo na isiguswe. Ikisombwa, nitawajibika mimi. Asanteni kwa kunisikiliza.

(Anashuka. Viatu vinazama kwenye tope. Mshonaji anamaliza kukunja kitambaa chake, anaokota tofali la kwanza na kumpa mdogo wake abebe.)