Jalada la Madhara ya Chanjo Lisisomwe na Yeyote

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi wa Kumbukumbu,
Ghorofa ya Tatu.

YAH: MWANANCHI KUTAKA KUJUA

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta salama, na lifti ikiwa imepona. Mimi ni mtunza masjala wako wa chumba cha chini, yule ambaye wenzangu wamempachika jina la Kufuli. Nimekaa na makabati haya miaka tisa, na katika miaka hiyo halijatoka jalada hata moja bila sahihi tatu. Na kwa kuwa mwenye sahihi ya tatu alistaafu mwaka wangu wa pili kazini, unaweza kujionea mwenyewe jinsi utunzaji wangu ulivyo imara.

Naandika kwa masikitiko kukujulisha kwamba utulivu huo umeingiliwa. Kuna mama mmoja, fundi wa cherehani ambaye wateja wake humwita Mama Vifungo, anayetaka kulisoma jalada la madhara ya chanjo ya surua. Hataki kuliazima, hataki kwenda nalo nyumbani. Anataka kulisoma. Naomba unisikilize hoja kwa hoja.

1. Mama huyu anaijua haki yake, na sisi ndio tuliomfundisha.

Alipokuja mara ya kwanza nilimwambia kwa adabu kwamba kumbukumbu za serikali si gazeti la kupakulia vitumbua. Akanyoosha kidole ukutani, nyuma ya kichwa changu. Pale pana bango letu wenyewe, limeandikwa kwa herufi kubwa: TAARIFA ZA UMMA NI HAKI YAKO. ULIZA UJIBIWE. Nilimweleza kwamba bango lile liliwekwa kuziba ufa. Akasema, "Ufa nauona, mwanangu, umechungulia juu na chini. Mimi naulizia maandishi." Naiomba ofisi yako ituletee bango la maua.

2. Hakasiriki.

Mtu akigomba, askari wa getini anajua la kufanya. Huyu huja kila Jumanne, huuliza hali za watoto wetu, hujaza fomu ya maombi (mpaka sasa amejaza kumi na moja), kisha hukaa kwenye benchi la ukumbini akishona mapindo kwa mkono mpaka tufunge ofisi. Nidhamu ya watumishi imeharibika. Mhasibu amebadilishiwa zipu. Dereva ametiwa kiraka mahali nisipoweza kupataja kwa maandishi. Hata koti lako la mikutano, Mheshimiwa, lililoletwa chini na katibu wako likiwa limefumuka bitana, liliondoka hapa likiwa zima, nawe ukalivaa kwenye kikao cha kujadili namna ya kumzuia aliyelishona.

3. Sababu yake ni ya kifamilia, hivyo haiihusu serikali.

Nilimwomba aieleze kwa kifupi, akaieleza yote. Mjukuu wake wa kwanza alichanjwa mwaka juzi. Siku ya nane mtoto akapata homa na vipele. Binti yake, yaani mama wa mtoto, akambeba mpaka zahanati huku akilia kuliko mtoto mwenyewe. Muuguzi akampima, akampa dawa ya kushusha homa, akajaza fomu ya madhara, akasema fomu itakwenda wizarani kuangaliwa. Mtoto alipona na siku hizi kazi yake ni kuvunja vikombe. Lakini ile fomu ilikwenda moja kwa moja. Hakuna aliyerudi kwa yule binti kumwambia kilionekana nini.

Sasa binti ana mtoto wa pili, wa miezi kumi na mmoja, na amekataa katakata kumpeleka kuchanjwa. Amemwambia mama yake, "Kama lilikuwa jambo dogo, wamelifungia nini? Niletee jibu, nitampeleka kesho yake."

Nilimjibu Mama Vifungo kwamba tumelifungia kwa ajili ya amani ya moyo wake. Akaacha kushona, akanitazama juu ya miwani.

"Mwanangu," akasema, "nikikuta sufuria limefunikwa na mpishi amekalia kifuniko, sitasema humo mna kitamu. Nitasema mna kilichomshinda."

Mheshimiwa, mimi binafsi sijawahi kulifungua jalada lile, na jambo hilo nimekuwa nikijivunia. Mlinda mzinga halambi asali. Nakiri hata hivyo kwamba baada ya maneno yale nililitazama kabati kwa jicho jingine. Nimesogeza meza yangu hatua nne upande wa dirishani, na naomba kibali cha kusogeza ya tano.

4. Uvumi unatolewa bila kufuata taratibu.

Kwa kuwa sisi hatujasema kitu, watu wamejisemea. Kinyozi wa mtaani kwetu anasema jalada lile linabebwa na watu wawili. Muuza mkaa anasema limefungwa mnyororo. Kwenye foleni ya maji, dada mmoja alinieleza, mimi mwenyewe niliye mtunza jalada, yaliyoandikwa ukurasa wa arobaini. Yalinisisimua mwili. Nikataka kumbishia, nikakwama, maana yeye angalau alikuwa amesikia mahali, mimi sikuwa nimesoma popote. Nikaishia kumwambia, "Mh!" naye akaenda kutangaza kwamba hata mtu wa wizara ameguna.

Napendekeza kwamba kuanzia sasa kila mwenye uvumi afike masjala kuusajili, nakala mbili, ugongwe mhuri. Uvumi usio na namba usiaminiwe.

5. Sasa hata watumishi wa serikali wanataka kujua mambo ya serikali.

Hili ndilo zito kuliko yote. Surua imeingia mitaa ya nyuma ya zahanati. Hadi juzi watoto wanne walikuwa wamelazwa, na mmoja wao macho yalikuwa hayafunguki. Muuguzi yule yule aliyejaza fomu ya mjukuu wa Mama Vifungo alikuja hapa na sare yake, viatu vina vumbi, uso umechoka. Hakuomba jalada zima. Aliomba ukurasa mmoja wa muhtasari, awasomee kina mama ambao siku hizi wakiiona zahanati wanavuka barabara.

"Nina friji limejaa chanjo na benchi halina mtu," alisema. "Wakiniuliza zile fomu zilionyesha nini, nasema sijui. Na tulizijaza sisi! Nani ataniamini, kaka yangu?"

Nilimwonea huruma, lakini utaratibu ni utaratibu. Nilimweleza kwamba aliyeandika ameshajua alichoandika, na kumwonyesha tena ni kurudia kazi. Akasema yeye alizijua fomu zake moja moja, hakuziona za wenzake zikiwa pamoja. Nikamwambia kwamba ndiyo maana zimewekwa pamoja, ili zisionekane moja moja. Mheshimiwa, sentensi hiyo niliitoa kwa kujiamini kabisa, lakini tangu juzi naigeuzageuza na bado haijanikalia sawa.

Mama Vifungo alikuwa kwenye benchi lake akitunga uzi kwenye sindano. Hakuinua hata kichwa. Aliuliza tu, "Kwani jalada hili linamsubiri nani?"

Nikampa fomu ya kumi na mbili.

Kwa hali hii naomba hatua zichukuliwe. Jalada lizuiwe kwa wananchi wasiohusika. Kisha lizuiwe kwa wanaohusika, maana hao ndio hasa wanaolitaka. Wauguzi wasilione kwa sababu watawaambia kina mama, na madaktari wasilione kwa sababu watawaambia wauguzi. Watumishi wanaojua kusoma wasipangwe chumba cha chini. Kwa upande wangu nitajitahidi kusahau. Wewe mwenyewe, Mheshimiwa, nakushauri kwa heshima zote usishuke huku ukiwa na miwani.

Na la mwisho, nililolifikiria sana: kuanzia mwezi ujao wauguzi walete fomu zikiwa tupu. Mtoto akipata homa, iandikwe tarehe, basi, itumwe. Baada ya mwaka mmoja tutakuwa na jalada lisilo na neno hata moja, nasi tutaweza kulifungua mchana kweupe mbele ya yeyote anayetaka. Bango letu litakuwa linasema kweli, na hakuna wizara itakayotushinda kwa uwazi.

Nakutakia kazi njema. Nisalimie katibu wako, dereva wako na kiraka chake, na mjomba wako aliyenitafutia nafasi hii. Sisi wa chumba cha chini hatujambo, isipokuwa feni.

Ni mimi mtiifu wako katika kufunga,
Mtunza Masjala

Nyongeza: Mheshimiwa, barua hii ilikuwa bado mezani ikingoja bahasha, Jumanne, saa nne asubuhi, mke wangu aliponipigia simu.

"Baba watoto, mtoto anachemka," alisema. "Vipele vimemtoka kifuani. Si alichanjwa juma lililopita? Si wewe unayekaa na hayo makaratasi? Yanasemaje?"

Nikamwambia sijui.

Nikamsikia mtoto akilia kwa nyuma. Kisha akasema polepole, "Miaka tisa?"

Sikumbuki nilivyofika kwenye kabati. Nakumbuka ufunguo ulikataa tundu kwa sababu niliuingiza kinyume, na kwamba Mama Vifungo aliinuka kwenye benchi, akaushika mkono wangu, akaugeuza, tukafungua pamoja. Nilifungua bila sahihi ya mtu.

Jalada ni jembamba, Mheshimiwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo ya kutisha nikakuta mwandiko wa wauguzi. Fomu mia mbili na kumi na nne, na juu yake karatasi ya muhtasari iliyotaja watoto zaidi ya elfu sitini waliochanjwa. Karibu fomu zote zinasema jambo moja: homa na vipele vyepesi, kuanzia siku ya saba hadi ya kumi na mbili, vikaisha vyenyewe. Watoto watatu walipata degedege kwa sababu ya homa, wakatibiwa, wakapona. Mmoja alivimba midomo na kubanwa pumzi dakika kumi baada ya sindano. Muuguzi alimdunga dawa pale pale, jioni akarudi nyumbani kwao.

Chini ya fomu ya huyo mmoja daktari ameandika maelekezo kwa zahanati zote: dawa hiyo iwe mezani, na kila mtoto abakizwe nusu saa baada ya kuchanjwa, aangaliwe. Maelekezo yana tarehe ya mwaka juzi. Yalitakiwa kusambazwa siku hiyo hiyo. Yalikuja kwangu kupewa namba, nikayapa namba. Mheshimiwa, mke wangu alimpeleka mtoto wetu kuchanjwa akaondoka naye papo hapo, kwa kuwa hakuna aliyemwambia angoje.

Nilimsomea mke wangu kwenye simu ushauri kwa wazazi ulio chini ya muhtasari, mstari kwa mstari: mpe maji na maziwa mara kwa mara, mpe dawa ya homa kwa kipimo, akipata degedege au homa ikipita siku tatu mkimbize hospitali. Alinirudisha kwenye mstari wa kipimo mara mbili. Kisha akasema, "Haya, nimeelewa," kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu nianze kazi hii.

Nilipokata simu, Mama Vifungo hakugusa jalada, ingawa lilikuwa wazi mbele yake. Aliuliza kwanza, "Mtoto yukoje?" Nikamwambia. Ndipo tukaitafuta fomu ya mjukuu wake. Ni ya themanini na sita. Mwishoni imeandikwa: "Amepona siku ya tatu. Mama ana wasiwasi, aelezwe." Aliisoma mara moja tu, akavua miwani, akaifuta, akakaa nayo mkononi.

Nimetoa nakala za muhtasari mpaka mashine ikaishiwa wino. Moja ipo ukumbini, ukutani, usawa wa macho. Maelekezo ya daktari nimempelekea muuguzi mwenyewe, kwa miguu, naye amewapigia simu wenzake. Jana, Jumatano, binti wa Mama Vifungo alimpeleka mtoto wake akachanjwa, akakaa nusu saa kwenye benchi la zahanati. Muuguzi anasema walikuwa kina mama tisa. Homa ya mwanangu imeshuka leo asubuhi.

Kwa hiyo yote niliyoandika hapo juu nayafuta, kuanzia hoja ya kwanza hadi fomu tupu. Nimevunja utaratibu na adhabu nitaipokea. Ukiniuliza kwa nini nilifungua, sina utetezi wowote wa kiofisi, wala siwezi kumtazama Mama Vifungo usoni ninapousema huu nilio nao: safari hii mtoto alikuwa wangu.