Msumari Wangu wa Maktaba

Jumatatu, 9 Juni

Wameing'oa! Picha yangu. Imeng'olewa ukutani kama jino bovu. Nimeingia maktaba asubuhi kusoma magazeti ya bure, kama kawaida yangu, nikanyanyua macho kuisalimia "Bwana Harusi na Baiskeli", nikakuta msumari mtupu. Picha ile niliipiga mimi, nikaisafisha mimi katika chumba changu cha giza, na imekaa pale tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, tena zikiwepo. Msumari ule ni wa heshima. Umekabili mlango. Ukiingia maktaba, utake usitake, unakutana na kazi yangu kwanza, vitabu baadaye.

Mkutubi ana miwani ya kusomea na miwani ya kudharaulia. Leo alivaa ya pili. Akasema picha imepauka, bwana harusi haonekani tena, imebaki baiskeli. Nikamwambia hata katika ndoa yenyewe ilibaki baiskeli. Hakucheka. Watu wa vitabu hawacheki mpaka waandikiwe: hapa cheka.

Kisha akanitolea la moyoni. Jumamosi kuna shindano. Picha itakayosimulia jambo lisilowezekana ndiyo itakayopewa msumari. Kompyuta ruksa! Nani kamtia maneno hayo mdomoni? Namjua. Mawingu!

Mawingu ni binti wa mdogo wake mke wangu. Ananiita Baba Mkubwa, na kamera nilimfundisha kuishika mimi. Siku hizi ana programu ya kuhariri picha, na watu wanajazana dirishani kwake kutazama uongo. Kinyozi ananyoa mlima, miti inadondoka kama nywele. Mama anapiga pasi ziwa, mawimbi yanalala. Kila picha lazima atie mawingu, ndipo nikampa jina hilo. Watu wanasimama midomo wazi, nzi wanaingia na kutoka. Eti sanaa! Sisi zamani tulidanganya kwa adabu. Studio yangu ilikuwa na pazia lililochorwa ndege. Mteja anapanda kreti la soda kwa nyuma, anatoa kichwa kwenye dirisha la ndege, tayari anasafiri. Ile ndiyo kazi. Kreti lilikuwa la kweli.

Nitashinda, tena bila kompyuta.

Mke wangu amesema kama wanataka jambo lisilowezekana, nijipige picha nikiosha sahani.

Jumanne, 10 Juni

Akili yangu bado ina ncha. Picha: "Mtu Anakunywa Chai Juu ya Ukuta". Hakuna programu. Meza na kiti nimevilaza ubavu sebuleni, miguu yake imegota ukutani. Shemeji, kaka yake mke wangu, nikamlaza ubavu kitini, soli za viatu ukutani. Ukitazama kwenye kamera, mlango uko wima, dirisha liko wima, na jamaa amekaa ukutani kama mjusi mwenye tai. Kipaji hicho! Hakifundishwi.

Vikombe vilikataa. Vinaanguka, havina nidhamu ya sanaa. Nikavipaka gundi ya seremala chini, nikavibandika mezani. Vikashika. Birika nalo likashika.

Tatizo likawa Shemeji. Kumlaza Shemeji na kumtaka asisinzie ni kumpa mbuzi jani na kumtaka alisome. Akakoroma. Tai ikalala sakafuni. Mate yakatoka upande. Picha zote zinaonyesha mlevi aliyeanguka na samani zake.

Nikamwamsha kwa mguu. Akasema hakulala, alikuwa anaigiza.

Hapo mke wangu akarudi. Nikainua meza haraka, nikaisimamisha, kana kwamba hakuna kitu. Akataka kunywa chai. Akashika kikombe. Kikombe kikaja na meza. Hivyo ni vikombe vyake vya harusi! Sikujua anaweza kusema maneno yale. Mengine hata fundi baiskeli hayajui. Shemeji akajifanya amelala. Safari hii aliigiza vizuri.

Jumatano, 11 Juni

Nimekwenda kwa Mawingu kumjulia hali. Ndiyo, kumjulia hali. Kama jicho langu lingedondokea picha yake ya shindano, hilo ni kosa la jicho.

Picha yake ameifunika kitambaa! Kioo kizima cha kompyuta kubwa kimevishwa nguo kama maiti. Watoto wa siku hizi hawana imani na wazee wao. Nikamuuliza kwa upole anaficha nini, akacheka, akasema Baba Mkubwa, subiri Jumamosi, utajionea mwenyewe.

Kisha akafanya jambo la kipuuzi kabisa. Akanipa kompyuta yake ya zamani, ile ndogo ya kukunja, ina programu ileile. Akasema nami nishindane, shindano bila mimi halitanoga. Unampa adui panga na kumwonyesha shingo! Nikalipokea kwa uso wa huzuni.

Akanieleza. Programu inafanya kazi kwa matabaka, kama shuka juu ya shuka. Shuka moja ina mlima, nyingine ina kinyozi, nyingine ina mkasi. Kila tabaka lina jicho dogo pembeni. Jicho likiwa wazi, tabaka linaonekana. Ukilifumba, halionekani. Akanishika mkono, akasisitiza: halijafutwa, Baba Mkubwa, limefichwa tu. Na kabla ya kumpa mtu kazi yako, yaunganishe matabaka yote yawe picha moja.

Maneno mengi. Nilikuwa nachungulia pembe ya kile kitambaa. Nimesafisha filamu kabla mama yake hajaolewa. Nimefuta makovu ya watu kwa wino na brashi ya nywele tatu. Mimi ndiye wa kuelezwa kuhusu shuka?

Alhamisi, 12 Juni

Kazi ya kitoto! Nasikitikia miaka niliyoipoteza. Unakata kitu hapa, unabandika kule, unapaka kivuli, mtu anapaa. Kule chumba cha giza nilikohoa dawa mpaka mapafu yakabadilika rangi, kumbe kulikuwa na kitufe.

Picha yangu ni hii. Mimi, mrefu kupita nyumba zote, naanika mji kwenye kamba kwa vibanio, kama tulivyoanika picha mbichi zikauke. Nyumba zinaning'inia. Stendi ya mabasi inadondosha maji. Soko limekunjamana kidogo, watu wameshikilia mapaa. Nikiitazama nasikia baridi mgongoni. Mawingu na mkasi wake waende wakalale.

Kabla ya hapo nilikuwa nazoeza mkono, nikajiburudisha. Nani hajiburudishi? Shemeji nikamgeuza gunia la mkaa lenye viatu. Mawingu nikamfanya kuku anayetaga mawingu. Mke wangu, kwa ajili ya yale maneno ya Jumanne, nikampa masharubu ya askari na mwiko mkononi kama rungu. Mkutubi nikampa masikio ya punda, miwani nikaivalisha juu ya masikio. Kufanana! Hata punda mwenyewe angeomba nakala.

Nikacheka mpaka mke wangu akauliza kutoka jikoni kama ninakufa, maana anataka kujua kama anipikie.

Kisha nikawafumba macho mmoja mmoja. Wakatoweka. Nimewafuta wote, safi. Nilibaki na mji wangu kwenye kamba.

Ijumaa, 13 Juni

Nimeipeleka kazi maktaba kwa flashi. Mkutubi akaipokea kwa vidole viwili kama amepewa panya. Subiri kesho, bwana masikio.

Njiani Shemeji akaniambia kwamba Mawingu amemtuma aniulize kama nimeunganisha matabaka. Nikamwambia kuunganisha ni kazi ya fundi bomba. Akaniuliza tena. Nikamuuliza tangu lini gunia la mkaa likawa na maswali. Hakuelewa. Nikacheka peke yangu, raha iliyoje!

Jioni mke wangu amepiga pasi shati langu jeupe, lile la sherehe. Hajasamehe vikombe, kasema wazi, lakini msumari ule ni wa nyumba nzima. Alisema mama yake alipokuwa hai alikuwa akipita maktaba kila wiki, hajui kusoma, anaingia tu kuitazama picha aliyoipiga mkwewe, halafu anatoka. Sikulijua hilo. Nilisema shati lina mkunjo begani.

Jumamosi, 14 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Ukumbi ulijaa. Mke wangu kiti cha mbele, kilemba kipya. Shemeji pembeni yake, macho wazi, ajabu ya kwanza ya siku. Picha zinarushwa kwa projekta kwenye ukuta mweupe. Wa kwanza kaweka samaki mwenye mwavuli. Wa pili kaweka mtu mwenye saa mahali pa uso. Takataka. Watu wakapiga makofi ya heshima, kama ya msibani.

Ikaja yangu. Ukumbi ukasema aaah! Nimesikia kwa masikio yangu. Mzee mmoja nyuma akauliza nyumba yake iko kibanio cha ngapi. Mke wangu akageuka akawatazama watu, shingo ndefu. Msumari ulikuwa umeshaingia mfukoni mwangu.

Hapo Mkutubi, ambaye amewahi kuhudhuria semina ya kompyuta na hajawahi kutuacha tusahau, akatangaza kwamba anaona pembeni mwa kioo cha kompyuta macho mengi yaliyofumbwa. Akasema atayafumbua tuone hatua za msanii. Nikasimama. Nikasema hakuna haja, msanii hana hatua, alikwenda moja kwa moja. Akasema nikae.

Jicho la kwanza. Gunia la mkaa lenye viatu, katikati ya mji. Shemeji akavitambua viatu vyake. Akavitazama vya ukutani, akavitazama vya miguuni, akanitazama mimi.

Jicho la pili. Kuku anataga wingu. Mawingu akacheka mpaka akashikilia kiti. Ukumbi wote ukamfuata.

Jicho la tatu. Masharubu. Mwiko. Ukumbi wote ukageukia kiti cha mbele, alikokaa mwenyewe. Kilemba hakikutikisika. Kilemba kisichotikisika kinatisha kuliko radi.

Nikapiga kelele wazime umeme. Mkutubi alikuwa amenogewa. Akabonyeza la nne.

Nilijitetea! Nilisema ndiyo hadithi yenyewe, kila kiumbe ana maana yake. Mkutubi akavua miwani moja, akavaa nyingine, akauliza punda ana maana gani. Nikasema uvumilivu. Akauliza na masikio? Nikasema usikivu kwa wananchi. Kuna mtu alianguka kutoka kwenye benchi.

Mwisho ikaja ya Mawingu. Safari hii haikufunikwa kitambaa. Ni mimi! Mzee na kamera ya sanduku, kitambaa cheusi begani. Kwenye lenzi inatoka foleni ya watu: bwana harusi juu ya baiskeli yake, anaonekana vizuri kabisa, na nyuma yake wateja wangu wa zamani ndani ya ndege ya pazia, inaruka kweli, na kreti la soda limeota mabawa linaifuata. Chini yao mji, na mji wenyewe umechorwa kwenye pazia langu lililochanika pembeni. Hata mahali nilipolishona pameonekana. Akasimama akasema kwamba Baba Mkubwa ndiye aliyemwonyesha, akiwa mdogo, kwamba mtu anaweza kusimama juu ya kreti akasafiri. Mengine yote, alisema, ni vitufe tu.

Watu wakasimama. Macho yangu yakatoa maji. Vumbi la vitabu. Pale hapafagiliwi.

Msumari amepewa yeye. Mkutubi akaninong'oneza kwamba yangu nayo watanitafutia mahali, kuna ukuta stoo, nyuma ya mifagio.

Jumapili, 15 Juni

Mke wangu hasemi nami. Anasema na paka, kwa sauti ya kufika barazani. Amemweleza paka kwamba mficha maradhi kilio humuumbua, na kwamba yeye akiota masharubu atajua pa kuyanyoa. Paka amekubaliana naye. Shemeji amehamia kwa jirani, amechukua na viatu.

Chai nimeinywa peke yangu. Vikombe bado vimeshika mezani; gundi ile ni nzuri, nitawasifu walioitengeneza. Unamimina, unainama, unakunywa kama ndama kwenye hori. Cha kwangu kiko pembe ya mbali, nimekifikia nimepiga magoti juu ya meza.

Mawingu amepita kunisalimia. Akaniuliza Baba Mkubwa umeipenda picha? Nikamwambia mwanga umezidi kushoto. Akacheka, akanibusu kichwani, akaenda. Kompyuta hakuidai. Mpumbavu.

Mchana nimepita maktaba kidogo, kuangalia tu. Nimesimama mlangoni. Wameshaichapa ile picha, wameitia fremu ya kioo na kuitundika. Basi, tusidanganyane: nani yuko juu ya msumari? Mimi! Jina la chini ni lake, lakini uso ni wangu, kamera yangu, ndege yangu, kreti langu. Anayeingia, atake asitake, ananiona mimi kwanza. Nimeshinda shindano bila hata kushiriki vizuri. Mkutubi mwenyewe atanitazama kila siku mpaka astaafu, na mimi simtazami.

Kuna jambo moja tu. Pua. Amenipa pua kubwa. Mke wangu, kupitia kwa paka, anasema ndiyo hiyohiyo niliyozaliwa nayo. Si kweli! Pua ile inafika kwenye picha kabla yangu. Siwezi kukaa juu ya msumari wa heshima na pua ya mtu mwingine.

Brashi ya nywele tatu nimeipata chini ya kitanda. Wino bado uko hai. Kesho Mkutubi akienda kula, nabana kreti kwapani, napanda, natoa kioo, napunguza pua kidogo, narudisha. Na wino ukibaki, nafuta wingu moja. Nani atajua?

Wakinikuta, nitasema nimeshuka msumarini kunyoosha miguu.