Ombi la Kusimamisha Utafiti Hadi Nitakapofariki

Ndugu Mhariri wa Jarida la Dharura na Wagonjwa Mahututi,

Kwa heshima, na nikiwa kitandani, nakiri nililolificha miaka ishirini na sita. Kila Alhamisi niliongoza kikao cha kusoma utafiti mpya katika hospitali yetu hapa Sfax, na sikuwahi kusoma makala hata moja. Nilikula makroudh, vile vitafunio vyetu vya tende, nikasubiri wenzangu wamalize, kisha nikatamka: "Wagonjwa waliochunguzwa ni wachache." Wote waliandika.

Siku moja mwanafunzi wangu, Dkt. Olfa Ghorbel, alidakia: "Profesa, walikuwa elfu kumi na mbili!" Nikamjibu, "Binti yangu, hapa Sfax peke yake tuko wangapi?" Ukumbi mzima ukacheka. Yeye hakucheka.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kila aliyeletwa tulimpa oksijeni bila kipimo. Mkachapisha kwamba ikizidi inadhuru. Sisi tulikuwa wakarimu tu.

2. Mliposema mtu ambaye moyo wake ulisimama ukarudi apozwe mwili kwa baridi, nilinunua barafu kwa wauza samaki wa bandarini. Wodi ilinuka pweza wiki nzima. Nimestaafu, ndipo mnasema yatosha kuzuia homa! Nani ataziomba radhi zile familia?

3. Sasa mgonjwa ni mimi, na daktari wangu ni huyo huyo Olfa. Juzi alifungua jarida lenu, akanipunguzia oksijeni, nami nikaendelea vizuri. Hii ni dharau.

4. Makala ya Olfa mwenyewe iko mezani kwenu kwa mara ya pili. Msipoikubali kabla ya Jumanne, kamati haitampa ukuu wa idara ya dharura. Basi msiikubali. Tena msichapishe chochote hadi nife. Moyo wangu umechoka sana, sitawachelewesha.

Nisalimieni wapanga kurasa, msahihishaji, na mama anayewachemshia kahawa.

Wenu mtiifu katika sayansi,
Profesa (mstaafu) Taieb Kammoun

N.B. Ikubalini, tena leo. Asubuhi nilimwomba Olfa anisomee makala yake. Alisoma kwa saa nzima, akisimama kila nilipokohoa. Ni kazi safi, na ingeokoa watu tangu mwaka jana, mliponiletea niipime nikawarudishia na neno moja: "Haifai." Bahasha sikuifungua.