Pingamizi la Baba Dhidi ya Bi Kwanini

Kwa Ndugu Katibu,
Tume ya Uteuzi wa Majaji.

Ndugu Katibu,

Natanguliza heshima, na ninamwomba Mola barua hii ikukute mzima wa afya na mwenye nafasi ya kuisoma hadi mwisho, kwa kuwa mwandishi wake ni mtu mzima na hana mazoea ya kufupisha.

Nimeliona tangazo lenu lililobandikwa ukutani pa mahakama, karibu na dirisha la karani. Linasema kwamba wakili mmoja wa mji wetu amependekezwa kuwa jaji, mwanamke wa kwanza kukikalia kiti hicho, na kwamba mtu yeyote mwenye pingamizi aliwasilishe kwa maandishi. Mimi ni mtu yeyote. Nimefundisha dini umri wangu wote, nimesuluhisha magomvi ya mtaa huu tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na mwanamke mnayemtaka ni binti yangu wa mwisho. Mtaani anajulikana kwa jina la Bi Kwanini, na jina hilo hakulipata bure. Kwa moyo mzito ninampinga, na sababu zangu ni hizi.

1. Mwenendo wake tangu utotoni. Siku moja kaka yake mkubwa alivunja taa ya mezani. Niliwaita watoto wote kibarazani, nikamsomea kosa lake, nikaeleza jinsi nilivyoikuta taa, na nikawa karibu kutamka adhabu. Binti huyu, ambaye meno yake ya mbele yalikuwa bado hayajaota upya, akasimama kati yetu akauliza: "Baba, aliyeshtaki ni wewe, shahidi ni wewe, na anayehukumu ni wewe. Kwa nini sisi wengine tumeitwa?" Niliifunga kesi. Kaka yake akaachiwa huru, ijapokuwa vipande vya kioo vilikuwa mfukoni mwake. Tangu siku hiyo mamlaka yangu katika nyumba ile ni ya heshima tu, mithili ya picha iliyotundikwa ukutani.

2. Kuipunguzia mahakama uzito. Alipoanza kazi hapakuwa na wakili mwanamke katika mahakama yetu, wala hapakuwa na aliyedhani kwamba angetokea. Chumba cha kuvalia majoho kilikuwa cha wanaume. Yeye alivalia lake katika stoo ya mafagio, akaingia mahakamani akinukia sabuni ya sakafu. Karani, mtu mwema lakini mwenye kushika maneno kama alivyofundishwa, alimwita "Bwana Wakili", naye aliitika "Naam" bila kutikisika.

Siku ya kesi yake ya kwanza nilikaa benchi la nyuma. Alikuwa akimtetea mama muuza mkaa aliyewekwa mahabusu kwa kujibizana na askari wa soko. Ndugu Katibu, wewe unaifahamu desturi: wakili asiyevaa ipasavyo, jaji humwambia kwamba hamwoni, na asiyeonekana hasikilizwi. Kanuni ya mavazi ilisema wakili atavaa suruali nyeusi. Binti yangu alivaa gauni jeusi lililofika miguuni. Jaji wa zamu kutoka mji mkuu akatazama juu ya miwani yake, akasema, "Simwoni wakili wa mshtakiwa." Ningekuwa mimi ningerudi nyumbani. Yeye aliinama kwa adabu akasema: "Mheshimiwa, kama hunioni, basi naomba iandikwe kwamba imesikika sauti isiyo na mtu, na kwamba sauti hiyo inaomba dhamana."

Jaji alicheka. Sisemi alitabasamu, alicheka hadi akavua miwani. Kisha akaandika kwamba anamwona wakili. Mama muuza mkaa alirudi kwa watoto wake siku ile ile, na baadaye kanuni ya suruali ikabadilishwa. Jaji huyo amekwisha kustaafu. Hupita kwangu akanihadithia kisa hicho kana kwamba sikuwapo, na kila akikihadithia lile gauni linazidi kurefuka. Nauliza kwa unyenyekevu: mtu aliyemchekesha jaji akiwa wakili, atafanya nini akiwa jaji mwenyewe?

3. Maambukizi. Fundi cherehani jirani yetu, aliyekuwa akishona nguo za maharusi, sasa ametundika majoho ya wanafunzi wa sheria dirishani, na bado anaagizwa mengine. Wasichana waliokuwa wakiniambia "Shikamoo, mwalimu" wakaenda zao, siku hizi husalimu, hungoja niitike, kisha huuliza. Mjukuu wangu alipoambiwa akalale alitaka kujua uamuzi huo umetolewa na nani na rufaa inakatwa wapi. Nilimwelekeza kwa bibi yake. Bibi yake akampa ushindi.

Na huyo bibi yake, mke wangu, ambaye kwa miaka yote ya ndoa yetu alinijibu "Sawa, mzee wangu", juzi nilimwambia kwamba chai haina sukari ya kutosha. Alijibu: "Sawa, mzee wangu. Wewe nimekusikia, na daktari nimemsikia. Ombi limetupiliwa mbali." Niliinywa chai ile kama ilivyokuwa.

4. Madhara yatakayonipata mimi binafsi. Nimeambiwa kwamba jaji huhamia mji mkuu, na kwamba hatakiwi kukaa vibarazani na watu wenye magomvi, asije akaisikia kesi kabla haijamfikia. Kibaraza changu hakina watu wa namna nyingine. Kila jioni, baada ya sala ya magharibi, binti huyu hupitia kwangu akitoka ofisini. Huvua viatu, huniuliza hali, hunisomea kitabu kwa kuwa macho yangu hayashiki tena herufi ndogo, na kabla ukurasa haujaisha huwa tumekwisha kubishana. Nikisema maneno haya maana yake ni hivi, husema, "Kwa nini isiwe vile, Baba?" Wanafunzi wangu wa zamani ni watu wazima wanaoniheshimu mno, wao hunikubalia kila neno. Ndugu Katibu, kukubaliwa kila neno ni upweke mkubwa. Akiondoka huyu, ni nani atakayenikatalia? Naomba hoja hii ihesabiwe kuwa ya kisheria.

5. Na huu ndio msingi wa pingamizi lote: uteuzi huu umetokana na hitilafu ya lugha. Watoto wangu walipokuwa wadogo, kila alfajiri niliomba dua hii: "Ewe Mola, mjalie mwanangu awe hakimu." Niliyemkusudia ni mwanangu wa kwanza, yule wa taa, ambaye kwa sasa anauza magodoro na hana malalamiko. Lakini lugha yetu, kama ujuavyo, haibagui. Mwana ni mwana, awe wa kike au wa kiume. Sikufafanua, kwa kudhani kwamba huko juu nimeeleweka. Saa ile mwanangu wa kwanza alikuwa amelala fofofo. Aliyekuwa macho, aliyenimiminia maji ya udhu kisha akakaa nyuma yangu na birika lake, ni huyu wa mwisho. Kila nilipomaliza aliitikia "Amina", nami nilifurahi kwamba mtoto ana adabu. Sikujua kwamba anaitikia kwa niaba yake mwenyewe.

Nimemweleza kwamba dua ile haikumhusu. Amenijibu: "Baba, maneno husomwa yalivyo. Ulisema mwanangu. Mimi ni wa nani?" Swali hilo bado ninalo. Isitoshe, niliomba hakimu, nanyi mnatoa jaji. Hata kipimo kimezidishwa, na mimi sikuwahi kuomba nyongeza.

Kwa sababu hizo naiomba Tume imwache binti yangu hapa alipo. Ikiwa hilo ni gumu, basi naomba Mahakama Kuu yenyewe ihamishiwe mtaani kwetu. Ubavuni mwa nyumba yangu lipo ghala la magodoro, ambalo mwanangu wa kwanza yuko tayari kulitoa kwa ajili ya haki. Lina hewa na lina dirisha pana, na mshtakiwa akizimia kwa kuisikia hukumu ataangukia mahali laini. Chumba cha wanawake cha kuvalia majoho kitajengwa kabla ya vingine vyote. Mafagio yatatafutiwa kwao.

Nisalimie wajumbe wote wa Tume, wakubalifu na wabishi, na wabishi uwasalimie zaidi. Msalimie dereva, mpiga chapa, na anayewapikia chai, ambaye naamini angali na ruhusa ya kutia sukari. Mola awape hekima ya kuamua, na subira pale uamuzi wenu utakapokatiwa rufaa.

Ni mimi mwenye kupinga,

Mwalimu wa dini, nyumba yenye mlango wa kijani,
baba wa mlalamikiwa.

Baada ya saini: Nimeona si haki kumlalamikia mtu bila kumsikiliza, kwa hiyo jioni hii nimempa mlalamikiwa barua hii anisomee kwa sauti. Ameisoma yote bila kucheka, ila sababu ya nne ameisoma mara mbili. Alipomaliza alizisahihisha koma zangu, kisha akasema kwamba pingamizi zito namna hii linahitaji kiapo, na akauliza kama niko tayari kuapa kwamba hafai kuwa jaji. Nilikuwa na udhu. Nimefungua kinywa, na ulimi umekataa. Mtu wa dini haapi uongo, hata kwa ajili ya jioni zake.

Basi naomba barua hii isomwe kinyume: kila nilipoandika nampinga, isomeke namuunga mkono. Suala la ghala la magodoro libaki kama lilivyo, maana bado naliona ni wazo zuri. Naomba pia kiti siku ya kuapishwa kwake. Kanzu imekwisha kupigwa pasi. Kama viti vimejaa, msihangaike. Niwekeni nyuma kabisa, mahali nisipoonekana, na atakapomaliza kiapo chake iandikwe tu kwamba imesikika sauti isiyo na mtu, na kwamba sauti hiyo imesema Amina.