Nusu Yangu ya Meza

Jumatatu, 3 Machi

Mama mkwe katoa amri. Chumba chake cha mbele, kinachotazama barabara, atampa fundi mmoja afungue karakana. Mafundi ni wawili: mimi, na shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Mimi napaka samani vanishi ya kisasa, ya kupuliza kwa pampu. Yeye bado anasugua mbao kwa mafuta ya mbegu za kitani na nta ya nyuki, kama babu zake. Mtihani wetu ni meza ya kulia aliyoiacha marehemu baba mkwe. Mama mkwe kaigawa katikati kwa chaki. Nusu yangu, nusu yake. Jumamosi dada zake wanakuja kunywa chai, ndipo ataamua.

Mwaka wa nne huu nafanya kazi uani, nyuma ya choo. Wateja wakifika hushika pua na kurudi. Kile chumba lazima kiwe changu. Kibao chenye jina langu nimeshaagiza.

Jumanne, 4 Machi

Nimemaliza! Dakika arobaini, mikono mitatu ya vanishi, tabaka juu ya tabaka. Inang'aa mpaka inaumiza macho. Shemeji kapaka mafuta mara moja, kafuta kwa kitambaa, kaketi kusubiri yanywewe. Yanywewe! Nikamuuliza kama meza ina kiu. Akasema ndiyo, ina kiu. Hana hata haya. Mama mkwe akapita akisema haraka haraka haina baraka. Methali ya watu wasio na pampu.

Jumatano, 5 Machi

Shemeji yuko mkono wa pili. Siku nzima anafuta tu. Konokono angekuwa kashamaliza na kustaafu.

Lakini mama mkwe kapitisha kiganja upande wa shemeji, kapitisha tena. Kasema hivyo ndivyo mbao ilivyokuwa siku mumewe alipoileta nyumbani. Machozi yakamlengalenga. Upande wangu kautazama tu. Eti anajiona uso, na uso wake anaujua tangu zamani.

Moyo umeingia baridi, nakiri. Wivu? Mimi? Nimwonee wivu mtu mwenye kitambaa?

Alhamisi, 6 Machi

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Shemeji alipokwenda kununua nta, nikaipiga msasa nusu yangu mpaka vanishi ikatoka, nikachota mafuta kwenye kopo lake, nikayapaka kwa wingi. Kama mbao ina kiu, na inywe. Nikasubiri robo saa, maana mimi si konokono. Kisha vanishi juu yake. Ukale ndani, usasa nje! Mke wangu akauliza kama nimewahi kumwona fundi yeyote akifanya hivyo. Nikamwambia ndiyo maana unaitwa uvumbuzi.

Ijumaa, 7 Machi

Vanishi imejikunja kama utando wa maziwa. Haikauki. Nimeipepea kwa sinia tangu asubuhi. Shemeji kauliza kulikoni, nikamwambia mbao inapumua. Akaendelea kusugua nta yake huku anapiga mluzi, mnafiki mkubwa.

Alasiri nikafunika meza nzima kwa kitambaa cheupe cha mama mkwe, kile alichofuma mwenyewe kwa ajili ya harusi yake. Nikamwambia ni heshima kwa wageni. Alifurahi. Aliniita mwanangu.

Jumamosi, 8 Machi

Wageni wakaketi. Chai ikaja. Mama mkwe akasimama kufunua meza. Upande wa shemeji kitambaa kiliinuka vizuri. Upande wangu kikagoma. Akavuta. Dada zake wawili wakamsaidia kuvuta. Kikatoka na vanishi yote, na kipande chake kimoja kikabaki kimenasa mezani.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Mama mkwe alikikunja kile kitambaa kilichochanika.

"Mwanangu," akasema, "meza hii imetulisha miaka thelathini. Kwako imekaa siku tano, imetapika."

Wageni wote wakanywea chai upande wa shemeji, wamebanana. Niliona aibu. Dakika nzima.

Jumapili, 9 Machi

Chumba kapewa shemeji. Kajitolea kuikwangua nusu yangu na kuianza upya. Nani kamwomba? Tena kasema chumba kinatutosha wote wawili, nihamie, nijifunze kusubiri. Nijifunze! Kwake! Bora choo.

Jumatatu, 10 Machi

Nimetafakari, na kosa nimeliona. Nilipaka kimoja juu ya kingine. Vilitakiwa kuchanganywa kwenye kopo moja. Alfajiri, kabla shemeji hajafika, nimeupaka mlango wa chumba kipya mchanganyiko huo, mikono mitano. Akiuona, atanikabidhi funguo mwenyewe.

Kafika. Kaegemea mlango, ananisalimia.

Bado kaegemea. Anaomba nimwite mama yake, aje na mkasi wa kukatia shati. Angoje kidogo, namalizia kuandika. Kibao changu nacho kimeletwa leo, na mchanganyiko umebaki nusu kopo.